Wanafunzi wa sheria wanaposomeana maandishi: faida yake kwa mwananchi wa Magu

Wilaya ya Magu, iliyo kando ya Ghuba ya Speke katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, ni wilaya ya wakulima, wafugaji na wavuvi. Migogoro inayowafikisha wananchi wake mbele ya vyombo vya haki ni ile inayofahamika Kanda ya Ziwa nzima: mpaka wa shamba, mirathi, malisho na viwanja. Upande wa Kisesa, ambako Jiji la Mwanza linazidi kusogea, shamba lililokuwa la mihogo miaka michache iliyopita leo limekatwa viwanja, na ndugu waliolima pamoja bila kuulizana hati wanajikuta wakidaiana hati.

Ugomvi wa namna hiyo huanza kwa maneno na kumalizika kwa karatasi. Jaji anayesikiliza rufaa hafiki shambani kuona mti wa mpaka uliokatwa. Alicho nacho mezani ni jalada: hati ya madai, majibu ya utetezi, mwenendo wa shauri, hukumu, na sababu za rufaa. Mwananchi aweza kuwa na haki isiyo na shaka, lakini sababu zake za rufaa zikiandikwa ovyo, au zikiwasilishwa nje ya muda, haki hiyo haitapata nafasi ya kusikilizwa. Kwa hiyo swali la nani anaandika karatasi hizo, na alijifunza wapi kuziandika, haliwahusu wanavyuo peke yao.

Mhadhiri hufundisha sheria ni nini, na maktaba huhifadhi hukumu. Stadi ya kugeuza malalamiko ya mtu kuwa hoja ya kisheria, hata hivyo, hupatikana kwa kuandika, kusomwa na mwenzako, kukosolewa, kisha kuandika upya. Wanafunzi wa sheria wa Tanzania wamekuwa wakifanya hivyo tangu kitivo cha kwanza cha sheria kilipofunguliwa nchini. Ni njia isiyo na gharama kubwa, lakini ina masharti yake, na yasipozingatiwa humfundisha mwanafunzi makosa ya mwenzake.

Somo la Oktoba 2022

Umuhimu wa stadi hiyo ulidhihirika mwezi Oktoba 2022, pale matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania yalipozua mjadala mpana. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndiyo mlango ambao mhitimu wa shahada ya sheria hupitia kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 hawakuruhusiwa kuendelea. Aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Mhe. Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya uenyekiti wa Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini cha hali hiyo.

Katika mjadala wa wakati ule yalitajwa mengi: maandalizi ya vyuo vikuu, utaratibu wa mitihani, sifa za kujiunga, na umahiri wa lugha. Suala la lugha lilivuta masikio ya watu wengi, na wapo waliolipunguza hadi kuwa suala la Kiingereza tu. Jambo hilo ni pana zaidi ya hapo. Mtu aweza kusema Kiingereza au Kiswahili fasaha na bado akashindwa kuandika aya moja inayotaja jambo linalobishaniwa, sheria inayolihusu, na sababu ya mahakama kuamua upande huu na si ule. Uandishi wa sheria ni ufundi unaojitegemea, na kama ilivyo kwa kushona au kujenga mtumbwi, hakuna aliyewahi kuupata kwa kusikiliza maelezo pekee.

Shauri la darasani

Namna ya kujifunza hivyo inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Shauri lifuatalo ni la kubuni, la aina ambayo hutolewa darasani. Baba mmoja wa Kisesa alifariki mwaka 2004 akaacha shamba. Binti yake aliendelea kulilima. Mwaka 2019 kaka yake aliliuza shamba hilo kwa mnunuzi kutoka mjini, na binti akatakiwa kuondoka. Mwaka 2023, baada ya usuluhishi katika Baraza la Kata kushindikana, binti alifungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Alishindwa, kwa maelezo kwamba kwa mila mwanamke harithi shamba la ukoo. Wanafunzi wanatakiwa kuandika sababu za rufaa kwenda Mahakama Kuu.

Mwanafunzi wa kwanza huandika kile ambacho karibu kila mwanafunzi huandika: kwamba Mwenyekiti wa Baraza alikosea kisheria na kimantiki kwa kutoa uamuzi usio wa haki dhidi ya mrufani. Sentensi hiyo ina sura ya kisheria na inasikika vizuri ikisomwa kwa sauti. Lakini mwenzake anayeisoma ana haki ya kuuliza swali moja tu: alikosea wapi? Sentensi hiyo ingeweza kubandikwa kwenye rufaa yoyote, ya ng'ombe au ya ndoa, na haimwambii jaji afungue ukurasa gani wa mwenendo.

Katika andiko la pili mwanafunzi huyo anajisahihisha. Sasa anaandika kwamba Baraza lilikosea kutumia kanuni ya mila inayomnyima mwanamke ardhi, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila ya namna hiyo. Anaongeza hukumu ya Mahakama Kuu iliyotolewa Mwanza mwaka 1990 na Jaji James Mwalusanya, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Shauri hilo lilitoka kwa Wahaya, ambako mwanamke aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia aliliuza, na mpwa wake akataka mauzo yabatilishwe kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza. Jaji alikataa, akisema kanuni hiyo ya mila inapingana na Katiba, ambayo miaka michache kabla, mwaka 1984, ilikuwa imeongezewa Haki za Binadamu, na pia na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia. Mwanafunzi anaona amemaliza kazi.

Hapo ndipo msomaji wa pili anapokuwa na thamani kuliko kitabu. Anauliza: ni nani aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi ya baba?

Hakuna. Katika maelezo ya shauri hakuna mahali panapotajwa msimamizi. Swali hilo linageuza andiko zima. Kwa upande mmoja linampa mrufani hoja yenye nguvu kuliko ile ya mila: kaka hakuwa na mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, kwa kuwa mwenye mamlaka hayo ni msimamizi aliyeteuliwa, na mtu hawezi kumpa mwingine kile asichokuwa nacho. Kwa upande wa pili, upanga huo huo unamkata binti. Ikiwa anadai kwa niaba ya mirathi ya baba yake, naye pia hana barua ya usimamizi, na upande wa pili utasimama kusema hana haki ya kisheria ya kufungua shauri hilo. Mwandishi alikuwa amependezwa mno na hoja ya usawa wa jinsia, ambayo ni ya kweli na ya heshima, kiasi cha kutoliona shimo lililokuwa mbele ya miguu ya mteja wake.

Msomaji wa tatu analeta suala la muda. Sheria ya Ukomo wa Muda inaweka miaka 12 ya kudai kurejeshewa ardhi. Je, miaka hiyo inahesabiwa tangu kifo cha baba mwaka 2004, hali ambayo ingelifanya shauri la 2023 kuwa limechelewa, au tangu binti alipoondolewa mwaka 2019? Mwandishi anajibu kwamba mtu hawezi kudaiwa kuwa amechelewa kudai shamba ambalo bado alikuwa analilima. Mwenzake anamtaka aoneshe hukumu inayosema hivyo. Jioni hiyo wote wawili wanazama kwenye hukumu, na kila mmoja anatafuta ile itakayomwangusha mwenzake.

Ubishi wa aina hii hufundisha jambo ambalo mhadhara wa watu mia tatu ni vigumu kulifikia. Kila mwandishi huliamini andiko lake, na anajua alichokusudia hata kama hakukiandika. Mwenzake hajui alichokusudia, bali anasoma kilichopo kwenye karatasi, kama jaji atakavyofanya. Naye msomaji hafaidiki kidogo: akishaona pengo katika kazi ya mtu mwingine mara mbili tatu, huanza kuliona katika kazi yake mwenyewe kabla hajaiwasilisha.

Utaratibu huo ndio uliojengwa pia ndani ya mashindano ya mahakama za mfano. Katika Mashindano ya Afrika ya Mahakama ya Mfano ya Haki za Binadamu, yaliyoanzishwa mwaka 1992 na yanayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria cha Afrika Kusini, kila timu huandaa mawasilisho ya maandishi ya pande zote mbili, mlalamikaji na mlalamikiwa. Mwanafunzi analazimika kuibomoa kwa kalamu yake hoja aliyoijenga juzi. Darasa lolote laweza kufanya hivyo bila kusafiri.

Tangu siku za Mtaa wa Lumumba

Utamaduni huu una umri sawa na elimu ya sheria nchini. Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilizinduliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, majuma machache kabla ya Uhuru. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi kumi na wachache. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye, mwaka 1975, aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria.

Wanafunzi wale hawakungoja kuhitimu ndipo waandike. Waliunda jumuiya yao, wakaipa jina la Lord Denning, jaji wa Uingereza aliyeongoza kamati ya elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na kufikia mwaka 1963 jumuiya hiyo ilikuwa na jarida lake. Ikumbukwe kwamba wakati huo vitabu vya sheria vilivyoandikwa kwa ajili ya Tanganyika vilikuwa vichache mno. Mwanafunzi aliyetaka kujua sheria ya ardhi au ya ndoa inavyofanya kazi katika nchi yake, mara nyingi alilazimika kwenda kuuliza mahakamani na vijijini, kisha kuandika yeye mwenyewe ili wenzake wasome. Tasnifu za wanafunzi wa shahada ya kwanza zilikuwa, kwa mada nyingi, maandishi ya mwanzo kabisa kuhusu jambo husika.

Mfano mkubwa zaidi wa nguvu ya maandishi hayo ulitokea nje ya jarida la sheria. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani walianzisha jarida la Cheche. Mwezi Septemba 1970 lilichapisha toleo maalumu lenye andiko refu la Issa Shivji, kijana aliyesomea sheria chuoni hapo, kuhusu matabaka katika Tanzania. Andiko hilo lilijibiwa kwa maandishi na wasomi waliokuwa chuoni, akiwamo Walter Rodney, Tamás Szentes na John Saul, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ilichapisha andiko pamoja na majibu yake katika kitabu kimoja. Jarida lenyewe lilifungwa Novemba 1970, na mabishano yaliyozuka kati ya vijana hao na Serikali ni sehemu ya historia ya nchi. Kinachohusika hapa ni njia iliyotumika: kijana aliandika, wakubwa na wenzake wakamkosoa hadharani, na ukosoaji ukachapwa pamoja na andiko bila kufichwa.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua Shivji, wakati huo akiwa profesa wa sheria, kuongoza Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi. Tume hiyo ilizunguka nchi ikisikiliza wananchi vijijini. Si mapendekezo yake yote yaliyokubaliwa, lakini mjadala uliozalisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 hauwezi kuelezwa bila kuitaja. Sheria hizo mbili ndizo zinazofunguliwa leo katika kila shauri la shamba wilayani Magu.

Kiswahili chaingia hukumuni

Kwa miaka mingi mwananchi aliyefungua shauri alikutana na hali ya ajabu kidogo. Katika Mahakama ya Mwanzo kila kitu kilikuwa kwa Kiswahili. Shauri likipanda juu, mashahidi walisema Kiswahili, hakimu au jaji aliandika Kiingereza, na hukumu ikatoka kwa lugha ambayo aliyeshinda na aliyeshindwa wote wawili walihitaji kusomewa. Mabadiliko ya mwaka 2021 katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku yakiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji.

Kanda ya Ziwa ina sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika kwa Kiswahili hukumu ya shauri lililohusu mgodi wa North Mara. Katika Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari, 2021, Rais John Magufuli alimpongeza hadharani na kutangaza kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani.

Kwa wanafunzi wa sheria mabadiliko haya yameleta kazi mpya, na hapa kusomeana kunahitajika zaidi kuliko hapo awali. Vitabu vyao vingi bado ni vya Kiingereza, na hukumu za miaka 60 wanazozitegemea ni za Kiingereza. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili hulazimika kuchagua istilahi, na chaguo baya laweza kubadili maana. Maneno "rufaa", "mapitio" na "marejeo" kwa mtu wa kawaida yanakaribiana, lakini mahakamani ni milango mitatu tofauti, yenye masharti tofauti, na atakayebisha hodi katika mlango usio wake atarudishwa. Mwenzake akisoma andiko na kuona "mapitio" mahali palipostahili "marejeo", hapo hajasahihisha lugha tu, ameokoa shauri.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Andiko la Kiswahili laweza kusomwa na mtu linayemhusu. Mwanafunzi aliyezoea kujificha nyuma ya maneno ya Kilatini hugundua kwamba sentensi yake ya Kiswahili ama inaeleweka, ama haina kitu ndani yake.

Andiko la mwaka juzi

Njia hii ina hatari zake, na iliyo kubwa ni kurithishana makosa. Katika vyuo vyote maandishi ya wanafunzi waliotangulia husambaa kutoka mkono hadi mkono, siku hizi kutoka simu hadi simu, na sheria haingojei mtu amalize kunakili. Mwanafunzi anayetegemea andiko la zamani kuhusu Baraza la Kata atasoma kwamba baraza hilo husikiliza na kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni tatu. Ilikuwa hivyo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kuamua. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zikipita bila usuluhishi kufanikiwa. Mwanafunzi akimweleza jirani yake wa Nyanguge au Kahangara sheria ya zamani kwa nia njema kabisa, atakuwa amempoteza njia.

Hali kadhalika, Toleo la Urekebu la Sheria la mwaka 2023, lililozinduliwa Aprili 2025, lilianza kutumika tarehe 1 Julai, 2025. Namba ya kifungu iliyonakiliwa kutoka andiko la miaka ya nyuma yaweza kuwa si ile iliyopo sasa. Msomaji mwenza anayefungua sheria yenyewe na kulinganisha namba, kazi inayochosha na isiyo na sifa yoyote, ndiye msomaji wa manufaa. Kwa upande wa hukumu kazi imekuwa nyepesi kuliko zamani, kwa kuwa maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani yanapatikana bila malipo katika mfumo wa TanzLII unaosimamiwa na Mahakama ya Tanzania. Hukumu ambayo mwanafunzi wa mwaka 1963 angeitafuta maktaba kwa siku nzima, mwanafunzi wa leo huisoma kwenye simu akiwa Magu mjini, na mwananchi mwenyewe aweza kuisoma pia.

Hatari ya pili ni kunakili. Mipaka yake iko wazi: kusoma kazi ya mwenzako na kuikosoa ni kujifunza, kuiwasilisha kama yako ni udanganyifu unaoadhibiwa na vyuo. Ya tatu ni siri za watu. Mwanafunzi aliyepelekwa mahakamani au katika ofisi ya wakili kwa mafunzo ya vitendo hukutana na majalada halisi ya watu halisi. Akitaka kuandika juu ya alichojifunza, majina na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika hubaki alikovikuta. Shauri la mtoto, au la ndoa iliyovunjika, si mfano wa darasani.

Mwanafunzi si wakili

Wakazi wa wilaya kama Magu mara nyingi wana kijana katika familia au mtaa anayesoma sheria, iwe Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) huko Nyegezi, iwe Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho tangu kilipoanza kufundisha mwaka 1994 kimewawezesha watumishi na wakazi wa wilayani kusoma bila kuhama. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria ndio wenye uhitaji mkubwa zaidi wa kusomeana, kwa kuwa hawana darasa la kila siku. Kwao andiko lililotumwa kwa mwenzao wa Sengerema au Kwimba, na kurudishwa likiwa na maswali pembeni, ndilo darasa lenyewe.

Ni kawaida kijana huyo kuombwa amwandikie mtu karatasi ya mahakama. Sheria ya Mawakili inakataza mtu asiye na sifa kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, na shahada peke yake, achilia mbali shahada isiyokamilika, haimfanyi mtu kuwa wakili. Anachoweza kufanya ni kumweleza jirani yake aende wapi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao huwahudumia bila malipo wananchi wasio na uwezo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023 na kuratibiwa na Wizara ya Katiba na Sheria, nayo imekuwa ikipeleka huduma hiyo mikoani. Kwa suala la mirathi, Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu ndiyo pa kuanzia endapo mirathi yake inaongozwa na sheria za mila au za Kiislamu.

Jambo moja ambalo kijana huyo aweza kulisema palepale bila kuvunja sheria yoyote ni kwamba siku zinahesabiwa. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45.

Katika lile shauri la darasani, suala hilo ndilo lililobaki mwisho. Mmoja wa wasomaji alihesabu tarehe na kutangaza kwamba rufaa ya binti wa Kisesa imepita siku 45, hivyo kazi yote iliyoandikwa ni bure. Mwandishi alirudi kwenye maelezo ya shauri na kukuta mstari ambao wote walikuwa wameupita: binti alikuwa ameandika barua kuomba nakala ya hukumu juma lile lile uamuzi ulipotolewa, na barua hiyo ilipigwa mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ukomo wa Muda inaruhusu siku za kusubiri nakala zisihesabiwe. Andiko la tatu lilianza na barua hiyo, ikiwa imeambatishwa kama kielelezo cha kwanza.